Shangazi Aliitwa Mara Kumi na Tisa

Jamani, spika ya hospitali yetu ilimwita mgonjwa namba arobaini na moja mara kumi na tisa, na mwenyewe alikuwa amesimama chini yake.

Mgonjwa huyo ni shangazi yangu.

"Nimeshaitika," alifoka. "Nesi hanipitishi mpaka spika inyamaze. Mnataka nipige na magoti?"

Nyuma yake benchi zimejaa, watu wamenuna.

Programu ya kuita wagonjwa niliiandika mimi. Kipande kimoja tu: mgonjwa anachukua namba, daktari anabonyeza, spika inaita. Miaka mitatu haikuwahi kugoma.

Akaja Injinia, bosi mpya wa kompyuta. Akaiangalia, akacheka mbele ya manesi.

"Hiki ni kibanda. Mimi najenga ghorofa."

Akaleta vipande kumi na vinne, vya kuulizana na kujibizana. Mimi akanitupa chumba cha nyuma, nitengeneze printa. Manesi wakaanza kuniita Kibanda. Iliniuma sana. Niliapa huyu jamaa atanitambua.

Basi siku hiyo daktari mkuu, mama asiye na mchezo, akatuita wote wawili kwenye kompyuta.

"Ni huyu," Injinia alisema. "Ana kinyongo, ameichezea. Afukuzwe leo hii."

Kinyongo nilikuwa nacho, tena cha kutosha. Ila sikuwa nimegusa kitu.

Spika ikaita tena: "Namba arobaini na moja, tafadhari ingia chumba cha tatu."

Nikashtuka. Tafadhari?

"Injinia, hii yote umeandika mwenyewe?"

"Kila herufi."

"Hata hiyo 'tafadhari' yenye r?"

Kosa lile ni langu, nililiandika kwenye programu yangu siku ya kwanza.

"Mama, naomba nizime vitu."

"Zima."

Nikazima kipande cha kwanza, taratibu, namtazama Injinia usoni. Cha pili. Cha tano. Jasho likamtoka, na mimi nikasikia raha, siwafichi. Nilipozima cha kumi na tatu, spika ikatulia. Shangazi akaingia, daktari wake akabonyeza.

"Namba arobaini na mbili, tafadhari ingia."

Kilichobaki kilikuwa kibanda changu. Vile vingine vilikuwa vinaulizana tu kama shangazi ameshaingia, na hakuna chenye jibu.

Ndugu zangu, kabla hujaongeza kitu kwenye kazi, jiulize kinamsaidia nani. Kama ni sifa zako tu, kiache.

Injinia sasa yuko kwenye printa. Daktari mkuu aliniambia niisahihishe ile r, nikamjibu sawa.

Sijaisahihisha. Badala yake nimefunga spika moja chumba cha nyuma, juu ya meza ya Injinia, aisikie ile r kutwa.