Kikombe cha Tatu na cha Saba

Shangazi yangu huonja kahawa kwa kelele. Huchota kijiko kimoja, hukipeleka mdomoni, kisha huivuta kwa mvumo unaowashtua hata wanaomjua. Wageni hudhani amepaliwa. Mimi, mtoto wa kaka yake na katibu wa chama chetu cha ushirika, nimeshazoea kuandika mihtasari ya vikao huku yeye akivuta pembeni. Ukimwomba apunguze sauti, atakujibu kwamba ulimi peke yake hautoshi, lazima kahawa ipande mpaka puani, na kama unataka kimya nenda ukalale.

Kazi hiyo hakuisomea popote. Ujanani aliajiriwa mjini, kwenye jumba la madalali wa kahawa, kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea. Akaosha miaka kumi na mmoja. Madalali walionja, wakatema, wakaandika bei, wakaenda zao. Yeye akabaki na vikombe ishirini vya kahawa iliyopoa, na kabla ya kumwaga alionja kila kimoja. Alianza kwa udaku tu, anasema mwenyewe. Lakini kufika mwaka wa tatu alikuwa anaijua kahawa iliyochacha, iliyoanikwa chini kwenye udongo, na iliyolala ghala moja na vitunguu. Mwaka wa nane akagundua jambo linalomkera mpaka leo: kahawa ileile iliyosifiwa Jumatatu kwa jina la shamba kubwa, Alhamisi ilitiwa kila aina ya kasoro kwa sababu karatasi ilisema imetoka kwa wakulima wadogo. Akavumilia miaka mitatu mingine, halafu akavua aproni na kurudi nyumbani.

Hapo ndipo akaanza mtego wake. Kila mnunuzi anayekuja kwetu huandaliwa vikombe vinane mezani, vimebandikwa namba tu. Viwili kati ya hivyo vina kahawa ya gunia moja, na mnunuzi haambiwi. Akivipa alama zinazolingana, mazungumzo ya bei yanaanza. Akivipa alama zinazopishana mbali, shangazi hukusanya vikombe vyake na mkutano umekwisha. Kwa mtego huo amekwisha kufukuza wanunuzi wanne, mmoja wao akiwa bado anauliza choo kiko wapi.

Sasa mwaka huu tukaletewa barua. Mwagizaji mmoja wa kahawa kutoka ng'ambo, mwanamke, alikuwa anatafuta chama cha kushirikiana nacho moja kwa moja, bila dalali katikati. Mkataba wa misimu mitatu. Bei ya chini imewekwa na haishuki hata soko likianguka, sehemu ya malipo inatangulia kabla ya mavuno, na kila mkulima ana haki ya kujua kahawa yake inauzwaje huko inakokwenda. Niliwasomea wanachama barua hiyo mara tatu. Mara ya kwanza hawakuniamini. Ya pili wakasema natia chumvi. Ya tatu baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti, alininyang'anya akaisoma mwenyewe, kisha akaomba maji ya kunywa.

Msinicheke nikisema nililia. Msimu uliopita kaya kumi na mbili ziling'oa mibuni zikapanda mahindi, na nyingine thelathini zilisema zinangoja msimu huu tu. Chama kisingebaki na kahawa ya kujaza hata gari moja. Tukiukosa mkataba huu tunafunga milango, na hilo lilijulikana kwa kila mtu, hata kwa wale wanaokuja mkutanoni kwa ajili ya chai.

Mgeni alitarajiwa Jumanne jioni alale, aonje Jumatano asubuhi. Jumanne tangu alfajiri nilikuwa na kiherehere kisichoelezeka. Nilipangusa meza ndefu ya ofisi mara nne. Niliosha madirisha yote mawili. Niliyapanga magunia ghalani kwa urefu, kana kwamba mgeni anakuja kununua magunia. Alasiri shangazi akaniita uani, kwenye jiko la mkaa, tukaange sampuli. Zilipofika namba tatu na namba saba, zile pacha, alikaanga ya tatu mwenyewe, akaniachia ya saba.

"Usitoke hapo," akaniambia. "Hata ghala likiungua."

"Sawa, shangazi."

Na kweli sikutoka. Isipokuwa mara moja, kidogo tu, niliposikia gari likisimama nje mapema kuliko tulivyodhani. Nilitaka kumwona. Nani asingetaka? Nikachungulia kwenye kona ya ghala, nikamwona akishuka: mwanamke mfupi, buti zimejaa matope, anamsalimia baba kwa mikono miwili. Nikarudi mbio kwenye kikaango. Punje zilikuwa zimepita rangi, kidogo sana, tena upande mmoja. Nikazichanganya, nikazipepeta, nikajiambia hakuna atakayejua.

Jumatano ofisi ilijaa wanachama mpaka dirishani. Shangazi akamwaga maji ya moto kwenye vikombe vinane, akarudi nyuma, akakunja mikono. Mgeni akatoa kijiko chake, akainama juu ya kikombe cha kwanza, akavuta. Ulitoka mvumo uleule. Watu wakaangua kicheko, kwa maana tulidhani ni ugonjwa wa shangazi peke yake, kumbe uko duniani. Nilimtazama shangazi nikaona ameuma mdomo ili asicheke, na macho yanamng'aa.

Wanunuzi wengine walikuwa wakionja mara moja, kahawa ikiwa moto, basi. Huyu alizunguka meza, akasubiri, akazunguka tena ikiwa vuguvugu, akasubiri tena, akazunguka ya tatu ikiwa imepoa kabisa. Kalamu yake ilisikika mpaka dirishani. Mwisho akageuza karatasi kuelekea kwetu na kuiweka mezani.

"Tatu umeipa themanini na nane kwa mia," shangazi alisoma. "Saba themanini na tatu."

"Ndiyo, mama." Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu aliyejifunza ukubwani. "Zote nzuri. Lakini ya saba ikipoa ina uchungu mwishoni. Kama moshi."

Shangazi akaweka kijiko chini. "Hizo ni za gunia moja."

Ofisini pakapita mguno. Waliokuwa dirishani wakaanza kuwatafsiria waliokuwa nje yaliyotokea, na kila mmoja akitafsiri kwa namna yake. Mgeni akavitazama vile vikombe viwili, akaonja tena cha saba, akatikisa kichwa.

"Labda gunia ni moja," akasema. "Kikombe si kimoja."

"Dada, hebu onja kwanza," baba akamsihi shangazi. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Nionje nini? Gunia nimelifungua mimi mwenyewe. Kaka, hawa ni walewale. Leo tatu ni tamu na saba ni chungu, kesho bei ni chungu pia. Mama, ahsante kwa kuja. Chai iko pale."

Akaanza kukusanya vikombe. Na hakuna aliyembishia, kwa sababu katika miaka yote tangu arudi, shangazi hakuwahi kukosea kuhusu kahawa hata siku moja. Watu wakaanza kuinuka. Mzee mmoja akavaa kofia yake. Niliziona zile kaya thelathini zikitoka mlangoni moja moja kwenda kung'oa mibuni, na mwenye makosa nimekaa kwenye kiti cha katibu nikiandika muhtasari. Nikajaribu kuandika. Nikaweka kalamu chini.

"Shangazi, ni mimi," nikasema.

"Wewe umefanyaje?"

"Namba saba niliiacha kwenye moto. Nilitoka kuangalia gari."

Macho mia moja yakanigeukia. Baba alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Shangazi hakunitazama kabisa. Alirudisha kikombe cha tatu mezani, halafu cha saba, akachukua kijiko. Akavuta cha tatu. Akavuta cha saba. Akafumba macho, akarudia, mara hii kwa sauti ndogo mno, na hapo nikajua mambo ni mazito, kwa sababu shangazi hajawahi kuonja kwa adabu.

Kumbuka yeye ni mtu wa namna gani. Akikanyaga mguu wako, utaombwa wewe uutoe njiani. Mume wake marehemu alikuwa akisema kwamba kwa miaka ishirini ya ndoa aliombwa radhi mara moja, tena na jirani. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya wanachama wote, kijiko mkononi, na angeweza kabisa kusema haoni tofauti yoyote. Tungemwamini yeye. Hata mimi ningeanza kujishuku.

"Ina moshi," akasema. Kisha akawageukia watu, sauti imepanda. "Nimekosea. Mimi huyu mama nimemwonja, lakini kahawa sikuionja. Kaeni chini."

Wakakaa, tena kwa pamoja, na yule mzee akavua kofia. Mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi bila kujua anapigia nini, na wenzake wakamfuata, nikajikuta nami napiga, machozi yananitiririka, nina furaha tele kwa kosa langu mwenyewe. Shangazi alipita karibu yangu akaninong'oneza kwamba sisi wawili tutaonana. Sikujali. Angenichapa hata palepale.

Mgeni aliomba aelezwe taratibu: kwa hiyo kahawa ilikuwa mtego? Baba akakiri kwa aibu, akaanza kuomba radhi kwa maneno mengi ya kiofisi. Mgeni akamkatiza kwa mkono.

"Mimi napima wakulima miaka kumi na tano," akasema. "Hakuna mkulima amenipima mimi." Akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akavuta kiti akaketi karibu na shangazi. "Sasa, mama, nipe alama zako. Ya tatu unaipa ngapi?"

Baba akamkonyeza dada yake aseme tisini. Shangazi akavuta kijiko kimoja tena.

"Themanini na sita," akasema. Baba akafunika uso. "Matunda ya mwisho yalichumwa mabichi kidogo. Nilisema, hawakusikia."

Mgeni akaiandika themanini na sita kando ya themanini na nane yake, akaizungushia duara. Halafu akatoa mkataba, tukausoma kifungu kwa kifungu, mimi nikisoma kwa sauti na wanachama wakiuliza, mpaka chai ikapoa yote. Shangazi akadai kiongezwe kifungu kimoja: kila msimu kahawa ionjwe na pande zote mbili, na alama zote mbili ziandikwe. Kikaongezwa kwa kalamu palepale.

"Na mimi nina swali kabla ya saini," mgeni akasema. "Nikikosea mwakani, mtaniambia?"

"Tutakwambia kabla hujameza," shangazi akamjibu.

Baba akatia saini kwa niaba ya chama. Mgeni akatia saini kwa niaba ya kampuni yake. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu ya saini, lakini shangazi akachukua kalamu mkononi mwa baba, akachora mstari wa tatu chini yake, na akaandika jina lake lote, polepole, herufi kubwa.