Miguu ya Mbuni wa Boko

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nilipokabidhiwa vifaranga kumi wa mbuni. Ilikuwa enzi za Ujamaa, na shamba letu la mifugo lilikuwa Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo. Tulizoea kuku na ng'ombe wa maziwa. Mbuni hakuna kati yetu aliyewahi kuwafuga. Waliletwa kwenye maboksi kutoka bara kwa ajili ya majaribio.

"Ndugu," bwana mifugo aliniambia, "hawa wakifa tutaulizwa sisi wawili."

Maneno yale hayakunitoka kichwani. Kwa kuogopa wasichukuliwe na vicheche, niliwafungia kutwa nzima kwenye banda la saruji, na sakafu nikaideki asubuhi na jioni. Bwana mifugo aliniambia niwachanganyie kwenye chakula kikombe kimoja cha dagaa wa kusaga kwa siku. Mie, nikitaka wapate nguvu, nikawa natia vitatu. Walikua upesi mno. Kila aliyepita bandani alinisifu, nami nilivimba kichwa.

Wiki ya nne nikaona mmoja anachechemea. Mguu wa kulia ulikuwa umejipinda chini ya goti, vile vidole vyake viwili vinatazama nje. Kesho yake walikuwa watatu. Nilichana kanga yangu, nikawafunga miguu ili inyooke, na sikumwambia mtu. Siku hizo neno "hujuma" lilitamkwa kwa urahisi, na mtu aliyeharibu mali ya umma alifikiriwa vibaya kabla hajajieleza.

Siku ya tatu mama mmoja mkamuaji, Mmakonde aliyekuwa akija kazini kutoka kijiji cha jirani, alinikuta nakaza kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamfunga nini huyo?"

"Ameteguka tu."

"Wameteguka watatu kwa mpigo?" Aliwanyooshea kidole wale wawili wengine. "Mwanangu, nenda kamwambie bwana mifugo leo. Akijionea mwenyewe itakuwa vibaya zaidi."

Nilikwenda. Bwana mifugo alikuja, akachuchumaa, akapapasa kila mguu taratibu kuanzia paja hadi vidole.

"Dagaa unawapa kiasi gani?"

Nilitaka kusema kikombe kimoja.

"Vitatu."

Akagusa sakafu, ikamlowesha kiganja. "Mwili umekua, mifupa haijawa tayari kuubeba," alisema. "Halafu wanateleza, na hawapati pa kukimbia. Hii miguu imeshajisokota, kitambaa hakitainyoosha. Hawa watatu inabidi tuwachinje. Utanishikia."

Niliwashika. Mmoja wao alikuwa akinidonoa vifungo vya gauni kila asubuhi, na hata siku hiyo alividonoa.

Saba waliobaki tuliwahamishia nje, kwenye uwanja wa mchanga. Dagaa wakapunguzwa, mchicha ukaongezwa, na kazi yangu ikawa kuwatembeza kutoka uzio hadi uzio. Niliamka kila siku na woga uleule: nani atachechemea leo? Wiki moja baadaye mmoja alianza kukunja kidole. Sikungoja hata dakika. Nilikwenda mbio kumwita bwana mifugo. Alimfunga kibao chembamba chini ya kidole, na baada ya siku chache kikanyooka.

Taarifa ilipokwenda wizarani nilijua imenimaliza. Bwana mifugo aliniita nisome nakala yake. Aliandika kwamba chakula kilizidi na banda halikufaa. Jina langu halikuwamo.

"Mbona hukunitaja?" nilimuuliza.

"Vipimo nilikwambia kwa mdomo tu. Ningekuandikia, ningekutaja."

Miezi kadhaa baadaye lori lilikuja kuwahamishia shamba jingine bara. Walipandishwa mmoja mmoja kwenye ubao. Wa sita aliteleza, akaanguka kwa ubavu, miguu ikajikunja chini yake. Nilishika mdomo. Alikaa hapo kitambo, shingo ikiyumba, kisha akasimama, akaingia kwa wenzake. Wa saba akamfuata, na watu wa lori wakafunga mlango.