Aliyewafungia Wageni Chumvi

Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini? Sisemi kulala. Sisemi kusafiri kwenda kuzika, wala kulazwa hospitali, wala ile Jumapili uliyokaa nyumbani ukifua. Nasema kuondoka kwako, kukaa mahali pengine siku saba, na usifanye lolote la maana.

Kitasa aliulizwa swali hilo na mkewe asubuhi moja wakinywa chai. Akashika kidevu, akahesabu miaka kurudi nyuma, akafika kumi na tisa, akakomea hapo. Kumi na tisa ndiyo ilikuwa miaka ya ndoa yao.

Kitasa si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu alichonga funguo na kutengeneza vitasa kwenye kibanda cha bati pembeni mwa soko. Alikuwa na mashine moja ya kuchongea, jiliwa la kubania chuma, tupa tatu, na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa, zimening'inia kwenye misumari kama samaki wadogo waliokaushwa. Jioni alirudi nyumbani na vumbi la shaba kwenye nyusi. Kazi hiyo ilimkutanisha na woga wa watu wote. Huyu anamwogopa mpangaji wake, yule anamwogopa shemeji, mwingine anabadilisha kitasa kwa sababu mama mkwe amepata nakala. Kitasa aliwasikiliza miaka mingi mpaka woga wao ukahamia kwake bila kubisha hodi. Mlango wa mbele wa nyumba yake ulikuwa na kitasa, makufuli mawili na komeo la ndani. Mkewe alizoea kusema kwamba kutoka nyumbani kwao ni safari ya kwanza, na kwenda unakokwenda ni ya pili.

Aliyemvuruga akili ni Mama Mkunga. Mstaafu huyu, aliyezalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, aliishi peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya shule. Siku moja alikuja kibandani na begi mkononi, akataka nakala ya ufunguo wa mlango wake.

"Naenda likizo kidogo, mwanangu."

Vizuri. Baada ya miezi miwili akarudi, ufunguo ule ule, begi lile lile. Likizo. Mvua hazijakatika, huyo tena. Likizo. Kinyozi wa kibanda cha jirani alikula kiapo kwamba bibi ana mtoto tajiri ng'ambo. Fundi viatu akasema mtoto gani, bibi anauza dawa za hospitali chini kwa chini. Wote wawili walikuwa na uhakika kamili, na wote wawili hawakujua kitu. Kitasa naye alianza kukosa usingizi. Kama bibi ana biashara ya giza, basi funguo za biashara hiyo zimetoka mkononi mwake.

Ilipofika nakala ya tisa, uvumilivu ukamwisha.

"Mama, nisamehe kwa kuuliza. Hizi funguo unazitafuna?"

"Ningekuwa na meno ningekujibu ndiyo."

"Unaishi peke yako, mama. Hii ni ya tisa."

"Kila nikienda likizo, mgeni wangu anabaki na moja. Wengine wanaondoka nayo mfukoni, wanasahau. Basi nachonga nyingine."

"Na likizo zote hizo unalipaje? Pensheni yako ni hii tunayoijua, au kuna nyingine?"

"Ni hii hii. Tarehe ishirini ikifika nakula kwa adabu."

"Sasa hoteli analipa nani?"

"Hakuna hoteli. Nakwenda kukaa kwa mtu, na yeye anakuja kukaa kwangu. Mimi naona kwao, yeye anaona kwetu. Nauli nalipa, chakula napika mwenyewe kama ninavyopika hapa. Nilianza na wakunga wenzangu tuliosoma pamoja, wakaniunganisha na ndugu zao, na ndugu zao wakaniunganisha na majirani zao."

Kitasa aliweka tupa chini. "Lakini lazima kuna anayelipa."

"Nani?"

"Sijui. Ndiyo nakuuliza."

"Nyumba yangu ingekaa bure. Yake ingekaa bure. Sasa hazikai bure. Nani kapoteza?"

Alifikiri. Hesabu ilikuwa nyepesi kama ya mtoto wa darasa la pili, na bado haikumkalia kichwani. Akashika upande alioujua. "Kwa hiyo kuna watu tisa usiowajua vizuri wanatembea na ufunguo wa nyumba yako?"

"Tisa," alisema Mama Mkunga, akichukua begi lake. "Na wewe wa kumi, maana mashine iko kwako. Mbona sijaibiwa?"

Kosa la Kitasa lilikuwa kumsimulia mkewe. Mkewe alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akisimama tangu alfajiri mbele ya mashine zinazonguruma, akikunja mashuka. Miguu yake ilivimba kila jioni, na kila jioni aliiweka juu ya stuli akaitazama kama mali ya mtu mwingine. Siku ya harusi mumewe alimwahidi wiki moja kando ya ziwa. Mwaka wa kwanza ilikuwa baada ya mvua. Mwaka wa pili, baada ya kununua mashine. Baadaye hata sababu haikutajwa tena.

Alisikiliza mpaka mwisho, akateremsha miguu chini.

"Kumbe inawezekana."

"Mke wangu, mimi nakuonyesha wazimu wa yule bibi."

"Nimeuona. Naupenda."

Na hapa ndipo damu inapochemka. Nani aliturithisha imani kwamba kupumzika ni mali ya wenye magari makubwa? Mwanamke aliyekunja mashuka ya wagonjwa wa mji mzima hana haki ya kulala wiki moja kwenye shuka ambalo hakulifua yeye? Nyumba zipo tele, ndugu zangu, vitanda vipo tele, na tunakaa kila mtu kwake tunalinda vikombe. Mke wa Kitasa hakusema maneno haya. Alikwenda kwa Mama Mkunga siku ile ile, na ndani ya wiki mbili alikuwa na ruhusa ya siku saba kutoka kazini na jina la mwalimu wa hesabu anayeishi mji wa kando ya ziwa, mwenye mke na watoto watatu wasiowahi kuuona mji wao.

Ilibaki ufunguo wa kitasa cha mbele, kwa maana mkewe alikataa makufuli ya mlango huo yafungwe. Kitasa, aliyechonga maelfu akiwa anapiga soga, aliharibu mbili mfululizo. Wa tatu ukatoka salama. Aliuangalia, akaona mlango wake mwenyewe uko kiganjani, mdogo, unang'aa, tayari kupewa yeyote. Mama Mkunga akaupokea ili amkabidhi mwalimu.

Siku ya kuondoka Kitasa alitangulia kutoka, kisha akarudi ndani. "Nafunga bomba." Mkewe alisubiri nje na begi. Bomba lilichukua dakika ishirini na tano.

Walifika alasiri. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba vitatu na dari lenye alama za mvua. Hakuna kabati lililofungwa. Hakuna droo iliyofungwa. Kitasa alipita akivuta mishikio, na kila kitu kikafunguka, mpaka akaanza kuhisi wanamfanyia mzaha. Mezani palikuwa na karatasi: "Karibuni sana. Mchele uko kwenye ndoo ya bluu, mafuta chini ya meza. Mlango wa nyuma haujifungi vizuri, usukumeni tu."

"Haujifungi!" alisema Kitasa. "Hawa watu wamelogwa?"

Mkewe hakumsikia. Alikuwa dirishani. Ziwa lilionekana kati ya mapaa mawili, na alikuwa ameshika pazia kama mtu aliyeshika mkono wa mtu.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa ya mwalimu, na Kitasa akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kaka, tumefika salama, nyumba nzuri sana. Samahani kukusumbua. Hivi funguo za jikoni mmeziacha wapi?"

Kitasa akatafuta kitufe cha kupunguza sauti.

"Maana tumekuta kabati lina kufuli," mwalimu aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "na friji lina mnyororo. Chumba kikubwa kimefungwa pia, lakini hilo si tatizo, tutabanana. Ila huu mtungi wa gesi, kaka, sijawahi kuona mtungi wenye kufuli. Mke wangu anacheka mpaka analia. Watoto wamekula mkate, wameshiba. Tulikuwa tunatafuta chumvi tu kwa ajili ya kesho."

Mkewe aligeuka kutoka dirishani taratibu.

"Umewafungia watu chumvi?"

"Sikukusudia chumvi. Chumvi ilikuwa humo ndani."

"Chumvi, mume wangu!"

"Kuna zile glasi sita za harusi..."

"Ambazo hatujanywea hata maji!"

Mkewe alichukua simu, akamwomba mwalimu msamaha, akamwomba mke wa mwalimu, akawaomba watoto. Kisha akazima. Mumewe alitoa shada la funguo mfukoni, saba kwa jumla, akaliweka juu ya meza karibu na karatasi. Hakujua kwa nini alilitoa. Pengine alitaka aonekane anashirikiana.

"Mimi nilikuwa nakulinda," alisema.

"Dhidi ya nani?"

Kitasa alianza kuwahesabu wageni. Akamfikiria mwalimu, sauti yake ya upole. Akamfikiria mke wa mwalimu anayecheka mpaka analia. Alitafuta katika hao watu watano yupi hasa alikuwa akimwogopa, akakosa. Woga alikuwa nao, tena wa kutosha, lakini alipojaribu kuuonyesha kwa kidole haukuwa na uso.

"Siwezi kulala hapa," mkewe alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilimtisha. "Mtu ameniachia mpaka mafuta yake, na mimi watoto wake nimewafungia jiko. Kesho kwa basi la kwanza tunarudi, tukawafungulie. Likizo basi."

"Na ziwa?"

"Nimeliona."

Alikaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, begi pembeni, bila kulifungua. Kitasa alisema atakwenda yeye, mkewe abaki. Akajibiwa kwamba hakuja kupumzika na kochi. Alisema atampigia Mama Mkunga. Akaulizwa Mama Mkunga atavunja makufuli kwa meno yapi. Usiku ulipoingia Kitasa akalala bila kujua kama anapaswa kuomba msamaha kwa sababu ya kufunga, au kwa sababu hata sasa mkono wake ulikuwa unamwasha kwenda kuurekebisha ule mlango wa nyuma.

Asubuhi aliamka, kochi tupu. Begi lilikuwepo. Shada la funguo halikuwepo.

Alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, shati halijafungwa vifungo. Jirani mmoja aliyekuwa akifagia alimnyooshea ufagio upande wa kituo cha mabasi kabla hajauliza. Alipofika kwenye kona, alimwona mkewe amesimama mbele ya basi ambalo injini yake ilikuwa imewashwa. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na funguo zilikuwa zimeitunisha. Hata kwa mbali Kitasa aliyasoma maandishi, kwa kuwa yalikuwa makubwa ya kalamu nene: namba ya simu ya mwalimu, kisha "nyumba yenye geti la kijani nyuma ya soko, mlango wa pili". Funguo zote saba, na anwani juu yake.

Alitaka kupiga kelele.

Kondakta, kijana ambaye hawakuwahi kumwona maishani mwao, aliipokea bahasha huku akizungumza na mtu mwingine. Hakuisoma. Alimrushia dereva, naye dereva akaidaka kwa mkono mmoja, akaitupa juu ya dashibodi kando ya kitambaa na kipande cha muhogo kilicholiwa nusu. Mlango ukafungwa, basi likaondoka.

Kitasa alipiga hatua mbili kulifuata, akasimama, akageukia upande wa mkewe, akasimama tena. Mkewe alikuwa ameshavuka barabara. Pale ambapo lami inaishia aliinama, akavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavibeba mkononi na kuteremka kuelekea majini, polepole, kwa ile miguu yake iliyovimba.