Somo la Mto

Nilizaliwa Moroni, mji mkuu wa nchi yetu ya visiwa, kwenye kisiwa kisicho na mto hata mmoja. Mvua ikinyesha kwetu huzama kwenye mawe meusi ya volkano na mambo yamekwisha; anayetaka maji ajenge birika la kuikinga. Mto wa kweli niliuona kwa karibu nikiwa mtu mzima, nilipopelekwa kufundisha sayansi Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, na nikaupenda kupita kiasi. Wenyeji walinicheka. Wao waliufulia nguo, waliutupia taka, waliuvuka bila kuutazama, na mimi nilikuwa nimechutama kwenye jiwe na chujio la chai, natafuta wadudu.

Wanafunzi wangu wa darasa la mwisho nao walinicheka, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuleta machujio ya mama zao. Nilikuwa nimepata darasa. Mwalimu yeyote anajua kwamba hilo halitokei kila mwaka.

Ndipo kisiwa kile kikajitangaza kuwa nchi huru. Mwanzoni tulidhani ni maneno ya redio. Baadaye meli zikazuiwa, mafuta yakaisha, simu baina ya visiwa zikakatwa, na sisi tuliotoka Moroni tukaanza kutazamwa kwa jicho ambalo halikuwapo wiki iliyotangulia. Hakuna aliyenifukuza. Mwenye nyumba wangu aliniambia tu, kwa adabu, kwamba ingekuwa vizuri nikienda Moroni kumsalimia mama yangu. Nilifungasha siku hiyo hiyo.

Darasa lilibaki na mtihani wa kumaliza sekondari mbele yake na bila mwalimu wa sayansi. Hapakuwa na mwingine kisiwani wa kuwafikisha kwenye mtihani huo, na aliyeshindwa sayansi alikuwa ameshindwa mwaka mzima. Nilisimama mbele yao na begi langu.

"Nitawaletea masomo," nikasema.

"Kwa njia gani, fundi?" akauliza msichana mmoja wa mstari wa mbele, mkubwa kuliko wenzake, ambaye hakuwahi kuniachia jambo lipite. Kwetu mwalimu huitwa fundi, wa chuo cha Kurani na wa shule pia.

Nilisema wasubiri.

Moroni sikutulia. Dada yangu ana nyumba mtaa wa Magoudjou, maana kwetu nyumba ni za wanawake. Mwanamume ambaye hajaoa hukaa kwa mama yake au dada yake na kujifunza kunyamaza. Mimi sikujifunza. Nilitoka, nikarudi, nikafungua redio, nikaifunga, nikagombana na shemeji yangu juu ya vita ambavyo hakuna kati yetu aliyevielewa. Nilikasirika na serikali, nikakasirika na waliojitenga, nikakasirika na teksi zilizopiga honi mlangoni kama vile hakuna kilichotokea. Mama, aliyezaliwa Unguja na kurudi Moroni na Kiswahili chake, ambacho ndicho alichonilea nacho na ndicho ninachoandikia, alinitazama kutoka kwenye mkeka wake.

"Mwanangu, kaa kitako. Unanichosha na mimi nimekaa."

"Nina darasa, mama."

"Darasa liko ng'ambo. Wewe uko hapa. Kaa."

Siku hizo intaneti ilikuwa imefika Moroni juzijuzi. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka Marseille aliweka kompyuta chache kwenye duka lililokuwa studio ya picha, na pazia la zamani lilikuwa bado limetundikwa ukutani, lenye maporomoko ya maji ya rangi ya buluu. Ndiyo maji pekee yanayotiririka niliyowahi kuyaona mjini kwetu. Nilikaa mgongo wangu umeyaelekea. Laini ilikuwa moja, ya simu ya nyumbani kwake, na mkewe aliponyanyua simu upande wa pili wa ukuta, kila kitu kilikatika na sisi sote chumbani tukaguna kwa pamoja.

Niliandika kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu, kwamba natafuta masomo ya sayansi na mazingira. Nikaletewa masomo. Ukurasa wa kwanza ulinitaka niwapeleke watoto wakaokote majani yanayopukutika kabla ya majira ya baridi. Wa pili ulifundisha kutenganisha taka kwenye mapipa ya rangi mbalimbali, na Mutsamudu nzima haikuwa na pipa. Wa tatu ulionya juu ya kutembea kwenye ziwa lililoganda. Nilimwuliza mwenye duka kama kuna intaneti nyingine.

"Hiyo ndiyo dunia nzima," akanijibu.

"Basi dunia nzima haijui kama tupo."

Nilirudi kila alasiri. Siwezi kueleza jinsi kazi ile ilivyonila. Nilikuwa nafungua mlango baada ya mlango, na nyuma ya kila mlango palikuwa na mwalimu mwema wa nchi ya mbali anayesema na watoto wasiokuwa wangu. Seli nilizipata, ndizo hizo hizo kila mahali. Damu na mapafu nikapata. Urithi, chembe za jeni, njegere za bustanini, vyote nikavipata na kuvichapa. Lakini mtihani wa mwaka ule ulikuwa na sehemu kubwa ya mazingira, na huko sikuwa na kitu cha kuwapa zaidi ya theluji.

Kisha nikaupata mto. Ulikuwa mto mdogo wa mlimani, ukurasa uliotengenezwa na mwalimu fulani kwa mkono wake, na picha zilishuka polepole kutoka juu kwenda chini. Kwanza majani, halafu jiwe, halafu macho ya chura, na miguu yake ikachelewa hata nikadhani hana. Nani anamla nani. Mdudu gani anaishi kwenye maji safi na yupi anavumilia machafu. Nilipiga meza kwa furaha, na mwenye duka akanikumbusha kwamba meza ni yake.

Printa ilivuta karatasi moja moja kwa kusitasita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa unatoka, na mke wa mwenye duka akanyanyua simu. Karatasi ilitoka na mstari mmoja juu: "Mto unapopoteza msitu wake," na mkato. Chini yake palikuwa peupe. Kesho yake niliutafuta ukurasa ule mpaka macho yakaniuma, nisiupate tena. Niliondoka bila kuaga.

Masomo niliyakabidhi kwa mama mmoja wa Mutsamudu aliyeuza vitambaa soko la Volo Volo. Wenzake wengi walikuwa wameshafunga meza zao na kurudi kwao kwa hofu. Yeye alibaki, na alikuwa akienda na kurudi kwa vijahazi vinavyovuka kwa siri. Nilimwonyesha bunda langu na kumwambia ninaogopa wapekuzi, maana karatasi siku zile zilidhaniwa zote kuwa za siasa.

"Wanapekua magunia," akasema. Alilikunja bunda ndani ya shiromani, kitambaa chekundu wanachojitanda wanawake wa kwao. "Nguo ya mama yao hawataigusa."

Juu ya bunda nilikuwa nimeandika: Someni yote. Msiache hata neno moja.

Miezi ikapita bila jibu. Nilijifunza kuchukia bahari, ambayo siku za anga safi ilinionyesha mlima wa kisiwa cha pili na isiniambie lolote. Mama wa vitambaa alirudi mara moja kuchukua mzigo, nikamkimbilia sokoni.

"Niliwapa," akasema. "Wanasoma mpaka majirani wamelalamika."

Nilitaka kumwuliza zaidi lakini alikuwa na mteja. Kusoma mpaka majirani walalamike? Nilirudi Magoudjou na swali hilo na sikukaa kitako siku hiyo pia.

Mwishowe meli moja ya mchele iliruhusiwa kwenda, na nahodha aliyemfahamu shemeji yangu akanichukua kama karani. Yule shemeji niliyegombana naye, ndiye. Bandari ya Mutsamudu niliikuta kimya, wapakuzi wamekaa kwenye kivuli cha makontena matupu. Walipoiona meli walisimama wote. Nahodha aliniambia mchele ukiisha kushushwa anang'oa nanga, nami nikapanda vichochoro vya mji wa kale nikikimbia.

Shule ilikuwa imefungwa. Lakini nilisikia sauti, na nilizifuata mpaka kwenye ua wa nyumba ya yule msichana wa mstari wa mbele. Darasa langu lilikuwa limekaa kwenye mikeka kama linavyokaa kwenye chuo cha Kurani, miili ikiyumba, na lilikuwa linasoma kwa sauti moja, kwa moyo, kwa Kifaransa, karatasi zangu. Hapakuwa na umeme wa kuzirudufu. Nakala ilikuwa moja. Kwa hiyo walifanya walichofundishwa kufanya tangu wana miaka minne: walihifadhi.

Na walikuwa wamehifadhi yote. "Chura humla mdudu," walisoma. "Korongo humla chura. Bofya hapa uone jibu. Rudi juu. Haki zote zimehifadhiwa. Bofya hapa kuendelea."

Nililipuka kwa kicheko. Wakanyamaza, wakageuka, wakaniona, na wengine wakainuka wakilia, nami kicheko changu kikafa. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakichukua neno langu kwa uzito namna hiyo. Niliona haya na nikajivuna kwa wakati mmoja.

"Fundi, uliandika tusiache hata neno," akasema msichana.

Niliwaeleza. Kwamba hayo hayakuwa somo. Kwamba kule Moroni kuna mshale mdogo kwenye kioo, unaubonyeza na ukurasa mwingine unakuja. Walisikiliza kwa subira ya watu wanaoelezwa habari za peponi. Mmoja aliuliza kama korongo naye hahitajiki, maana hakuna aliyewahi kumwona. Nikasema mahali pa korongo mwekeni yangeyange, ndege mnayemjua, mtihani hautakataa.

"Hayo ya kubofya myasahau," nikawaambia. "Mkiyaandika kwenye mtihani, msahihishaji atajua mmetoka mkononi kwangu."

Wakacheka. Kisha msichana akatoa karatasi ya mwisho, imelainika kama kitambaa kwa kushikwa.

"Hapa tumesimama. 'Mto unapopoteza msitu wake.' Halafu?"

"Ilikatika."

"Lakini halafu inakuwaje, fundi?"

Nikasema sijui mwalimu yule aliandika nini. Nikawaambia wainuke. Tulishuka mtoni, na njiani nikawa nahesabu kichwani magunia ya mchele yaliyobaki melini. Mto sikuutambua. Ulikuwa umekonda, wafuaji walikuwa wamejazana kwenye dimbwi moja wakigombea nafasi. Niliuliza kumetokea nini.

Wakaanza kujibu wote pamoja. Mafuta ya taa hakuna tangu meli zizuiwe, kwa hiyo mji mzima unapika kwa kuni. Mlima wa juu umekatwa. Mvua ikija inashuka siku moja na udongo wote, kisha maji yanakuwa haya. Wadudu wa maji safi hawaonekani tena, wameona wenyewe, kwa machujio. Waliyasema bila kuyumba na bila kuimba.

"Basi andikeni hivyo," nikasema.

Honi ya meli ikalia. Nilishuka vichochoro nikikimbia tena, na sikumuaga hata mmoja wao kwa mkono.

Baada ya hapo kimya kikarudi. Sikujua kama wataruhusiwa kufanya mtihani, au kama kutakuwa na mtihani wowote kwao. Wakubwa wa pande mbili, walioshindwa kukubaliana juu ya bendera, juu ya bandari na juu ya nani asalimiwe kwanza, walikuja kukubaliana juu ya hilo moja: mtihani uwe mmoja, usahihishwe Moroni. Habari hizo nilizisikia redioni, na habari za redioni nilikuwa nimeacha kuziamini.

Niliitwa kusahihisha sayansi. Tulikaa kwenye ukumbi wa shule, madirisha wazi, karatasi hazina majina ila namba ya kituo, zimechanganywa za visiwa vyote. Msimamizi alitusomea sheria: jibu lenye alama yoyote ya kumtambulisha mwanafunzi au shule yake litafutwa. Nilisahihisha asubuhi yote majibu ya majani yanayopukutika, yaliyokaririwa kutoka vitabu vya Kifaransa.

Mchana nikafungua karatasi moja iliyosema kwamba mto unapopoteza msitu wake, wanawake hugombana kwenye dimbwi. Mlima, kuni, udongo, wadudu waliotoweka, yangeyange mahali pa korongo. Jibu lilikuwa kamili. Na chini yake, kwa mwandiko wa kutulia, ulikuwa umeongezwa mstari mmoja: Bofya hapa kuendelea.

Nikafungua karatasi ya pili. Mto, kuni, yangeyange, bofya hapa kuendelea. Ya tatu ilihusu kisiwa kingine. Ya nne, bofya hapa. Walikuwa wamefanya mtihani. Walikuwa wameufanya wote, na walikuwa wananiambia, kwa njia pekee iliyobaki wazi kati ya visiwa viwili.

Sikusikia msimamizi akija nyuma yangu. Aliinama, akaweka kidole juu ya mstari.

"Hii ni nini? Ni alama?"

"Si alama," nikasema. "Ni maneno ya kwenye intaneti. Wamenakili somo."

Alichukua karatasi, akatazama namba ya kituo pembeni, akanitazama mimi.

"Mutsamudu kuna intaneti?"

"Hakuna," nikasema.

Alilisoma jibu lote, kutoka mlima mpaka yangeyange. Kisha akairudisha karatasi mezani bila kuifuta, akaendelea na safari yake kati ya madawati.