Gurudumu Alilolikondesha Reinhold

Reinhold August Pautz, mwana wa Gustav aliyetengeneza pampu za visima vya nusu ya wilaya, mjukuu wa Wilhelm aliyekata barafu ya Ziwa Winnebago kwa msumeno na kuipeleka hadi Milwaukee, alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Ndiye wa kwanza kwetu kuunda mashine za boti za mashindano. Ya kwanza aliiundia nyuma ya zizi la mume wangu, na mwaka huo huo ikawaacha watu wa Oshkosh wakimeza povu. Mimi sijasahau, wala wao.

Waliomjia Reinhold walitaka wepesi. Basi alilichukua flaiwili, lile gurudumu zito la juu linalozungushiwa kamba ya kuwashia, akalikereza likawa jembamba ili mashine ishike kasi upesi. Kila msimu walitaka jembamba zaidi, naye akawapa.

Barafu ilipoyeyuka mwaka 1957 alifunga mashine kwenye pipa la maji uani aijaribu. Gurudumu likapasuka. Kipande kimoja kilitoboa ukuta wa banda kikazama kwenye mwaloni. Kingine kilichukua vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia. Na pacha wa gurudumu lile, la chuma kilichomiminwa siku moja nalo, lilikuwa tayari kwenye boti ya Delbert Hoeft, mume wa binti yangu Arlene.

Reinhold alimfuata Delbert kwangu, mkono ukiwa bado na bandeji. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nakaanga samaki, nikasikia yote. Alimwomba amrudishie gurudumu alibadilishe.

"Mjomba, ulilikondesha mwenyewe, leo unataka kulinenepesha?" Delbert akacheka. "Nishindane kwanza Jumapili. Jumatatu lichukue."

"Likipasuka Jumapili, Jumatatu sitalihitaji," Reinhold akasema.

Delbert akamwambia ana kijicho cha mtu asiyeweza tena kushika patasi. Nilimkumbusha anakula mezani kwa nani. Sikio la kufa, lakini.

Kwetu mashine ukishaiuza si yako. Ufukweni kila mshindani huifunika yake kwa blanketi, na mkono wa mwingine ukilifunua, hata wa fundi aliyeiunda, mwenye mkono huo hasalimiwi tena ziwani. Reinhold ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliwahi kumzaba mtu kofi kwa kuchungulia tu.

Jumapili ziwa lilitulia kama limezuia pumzi. Hewa ilinuka mafuta ya mbarika yanayolainisha mashine. Waendeshaji walipoitwa kusomewa sheria, Arlene alibaki ameketi kando ya boti yao. Reinhold akasimama mbele yake, hakuligusa blanketi, akamwekea mapajani spana, kopo la mafuta ya taa na kipande cha chaki.

"Blanketi hili hutandika nani?"

"Mimi, mjomba."

"Basi mkono wako si wa mgeni. Lifungue gurudumu. Lipake mafuta ya taa, lifute likauke, ulinyunyizie unga wa chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yatatoka ndani yachore mstari."

"Na ukiwepo?"

"Litupe majini. Usiniletee, nitashawishika kuliokoa."

"Delbert atanuna."

"Anune. Wa kununa awepo." Akatazama boti nyingine zilizopangwa ufukweni, zote zimefunikwa. "Ukimaliza hili, nenda kwa wake wa waendeshaji wale. Magurudumu yao yote yametoka mkononi mwangu. Wafundishe."