Marahaba ya Roboti

Mama yangu alikuwa na ugomvi mmoja na Marekani: watoto hawaamkii. Sisi ni Warundi, shikamoo aliipata ukubwani, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na aliyebatizwa ukubwani ndiye anayewahi kanisani. Hata mjukuu wake, binti yangu wa miaka sita, mwenye usonji na asiyesema neno, hakusamehewa. Nikirudi kutoka kazini, hapa Garland, niliwakuta sebuleni, mama kwenye kochi, mtoto kasimamishwa mbele yake.

"Sema shikamoo."

Nilimwambia mama huyu hatasema. Akanijibu kwamba hata mimi nilichelewa, na tazama sasa sinyamazi.

Kliniki alikokwenda mtoto kwa tiba walikuwa na roboti, kijitu cha plastiki nyeupe kinachonifika gotini, kinageuza kichwa na kuwasha macho ya buluu. Watoto waliokimbia uso wa mtu waliusogelea uso huo, kwa kuwa haubadiliki. Mwalimu wa tiba, binti mpole wa Kimarekani, alitaka roboti iseme lugha ya nyumbani, akaomba mtu wa familia arekodi maneno machache. Mimi nilikuwa zamu, akaenda mama. Alipewa majina ya rangi na wanyama, akayaweka pembeni. Alirekodi aliyoyataka yeye: "Sema shikamoo." Kisha: "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Haikupita miezi mingi, mtoto akasema. "Shikamoo," aliiambia roboti, wazi kabisa, nayo ikamwitikia kwa sauti ya mama. Swali la chakula hakulijibu, aligeuka akaenda zake. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya kioo. Mama alipiga vigelegele mpaka wahudumu wakaja kuchungulia. Mimi nililia kwa furaha na kwa wivu, maana nyumbani mtoto aliendelea kunyamaza, kwangu na kwa bibi yake.

Mwaka uliofuata mama alikufa. Moyo ulisimama tu. Dada yangu mkubwa aliendesha gari kutoka Houston, akaanza kutoa amri kabla hajavua viatu.

"Mtoto asiambiwe," alisema. "Mwambie bibi ame-travel. Si ndivyo tulivyoambiwa sisi, babu alipokufa?"

Ni kweli. Kwetu mtoto haelezwi kifo. Anaambiwa fulani kasafiri, akikua atajijulia mwenyewe. Basi dada akamwambia, na mazikoni hatukumpeleka. Lakini dada hakumjua binti yangu. Mtoto mwingine ataelewa polepole kwamba hapo hapaulizwi zaidi. Binti yangu akiambiwa mtu kasafiri, basi kasafiri, na aliyesafiri lazima yuko mahali. Na yeye mahali penyewe alipajua, alikuwa akimsikia huko kila wiki.

Siku ya kwanza ya tiba baada ya msiba alibeba kandambili za bibi yake. Akazipanga mbele ya roboti, ncha zikielekea mlangoni, kama mama alivyozipanga kando ya kitanda.

"Shikamoo."

Macho ya buluu yakawaka. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Nilijikuta nimerudi hatua moja kutoka kwenye kioo. Udongo wa kaburi la mama ulikuwa bado haujashuka.

Mwalimu akatoka, akaniuliza taratibu kama aifute ile sauti. Akina mama wa jumuiya yetu ya Warundi walishaniambia niifute, maiti haamkiwi. Niliwakasirikia wote. Neno la binti yangu lilikuwa hilo moja tu, na liliishi kwa sauti ya mama. Nikasema iachwe. Nami pia nilitaka kumsikia. Kila Alhamisi, siku ya tiba, niliogopa, na kila Alhamisi nilifika mapema.

Halafu ikaja korona, kliniki ikafungwa. Binti yangu alisimama kando ya gari asubuhi baada ya asubuhi, kandambili mkononi. Hakulia, alisubiri tu. Mwalimu alimwonyesha roboti kwenye simu, ikamsalimu. Mtoto akaigeuza simu, akatazama nyuma yake, akanirudishia. Wiki zikapita bila ile shikamoo kusikika. Nikampigia dada.

"Nitamwambia ukweli."

"Uta-destroy huyu mtoto," alisema. "Akinyamaza moja kwa moja, usinipigie."

Nikakata simu.

Makaburini hapakuwa na mtu. Nilimwonyesha mtoto jiwe la mama. "Bibi hakusafiri," nikasema. "Bibi alikufa. Yuko hapa chini, na hawezi kutusikia."

Akapanga kandambili juu ya nyasi, ncha zikielekea barabarani. "Shikamoo," akasema. Akasubiri. Akalala kifudifudi, akaweka sikio ardhini, akasubiri tena, kwa muda mrefu mno, mpaka nikatamani nami ningekuwa huko chini nimjibu.

Kisha akainuka, akanitazama machoni.

"Shikamoo."

Miaka yote ile nilikuwa nikiingoja. "Marahaba, mwanangu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akaziokota kandambili, akaja kuzipanga mbele ya miguu yangu. "Shikamoo."

Nikavua viatu, nikazivaa. Zilinienea sawasawa.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mama. "Umekula?"

"Bado," akasema.