Samaki Aliyetupokelea

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo hunisimamisha mlangoni mwa watu: harufu ya maji yaliyotuama ndani ya kioo, yenye ubichi wa mwani na chumvi kidogo. Mwezi uliopita niliikuta sebuleni kwa mama mmoja niliyekwenda kumpa pole, na pembeni pale palikuwa na tangi la samaki wa mapambo, linawaka taa yake ya buluu. Mwenyeji akanikaribisha kiti. Nikamwambia nitakaa hapa hapa mlangoni, pana upepo. Upepo wenyewe haukuwako. Nyinyi nitawaambia sababu, maana yeye angeniona nimerukwa na akili.

Tulikaa Mishomoroni, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Shanzu. Hoteli ilipobadilisha vyombo vyake, alirudi na tangi la kioo lenye ufa pembeni, amelifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira, na ndani ya kopo la maziwa alikuwamo samaki mmoja wa rangi ya chungwa. Mkia wake ulikuwa mrefu na mwepesi kama shela, basi tukamwita Biarusi. Nyanya, mamake baba, ambaye samaki alimjua kwa nazi na ndimu tu, alilizunguka tangi mara mbili, kisha akauliza huyu ataliwa lini.

Likawekwa chini ya dirisha, kando ya kitanda cha kamba alicholalia mchana mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na kumi, nikawa ndiye mhudumu wa Biarusi. Nilimtekea maji kisimani, kisima tulichoshirikiana na jirani yetu Mama Kadzo. Huyo alikuwa na binti wa miaka mitatu, Kadzo mwenyewe, aliyekuja kila siku kubandika pua yake kwenye kioo. Aliacha alama ya kamasi, na mimi ndiye niliyeifuta.

Nyanya naye alikuja kumpenda Biarusi, kwa sababu zake. "Nyumba iliyo na kiumbe mfugwa ina ngao," alisema. "Balaa likija humpitia yeye kwanza." Kwao, paka akifa ghafla, au njiwa, watu hawakusikitika sana. Walisema kapokea, yaani amelibeba jambo lililokuwa likimjia mtu. Baba alicheka akasema, "Mama, huyu ni samaki, si mganga." Mama hakucheka, na mimi nililiona hilo.

Masika ya mwaka ule yalinyesha kwa hasira. Mvua zilipopungua, Biarusi akaacha kula. Alibana mapezi ubavuni, akashuka mpaka chini, akasimama kichwa chini mkia juu, akitetemeka. Pembeni mwa matamvua pakaingia wekundu. Mchana, nyumba nzima ikiwa imelala na jua limeshika bati la jirani, nilimsikia akijigonga kwenye kioo. Ko. Halafu kimya kirefu. Ko. Mlio ulikuwa kama wa mtu anayebisha hodi kwa ukucha mmoja, asiyetaka kusikiwa na wote.

Siku moja ya namna hiyo nilikaa kwenye mkeka nikamtazama. Matamvua yalifunguka na kujifunga, yakafunguka na kujifunga. Nyuma yake, kupitia maji, nilimwona Zuhura amelala chali, na kifua chake kikipanda na kushuka. Nikaanza kuhesabu. Nywele zilinisimama kabla sijafika ishirini, maana walikuwa wakienda pamoja.

"Nami nimeyaona hayo," akasema nyanya kutoka kwenye mlango wa chumba chake. Sikujua kama alikuwa macho. "Yuwapumua na nduguyo. Muache, mwanangu. Kapokea huyo, usimtie mkono."

Ningemsikiliza, lakini nilimpenda yule samaki. Kwa baba nilijua nitapata sikio. Jumapili alinipakia kwenye baiskeli, Biarusi ndani ya jagi lenye mfuniko mapajani mwangu, tukaenda Shanzu kwa Bwana Ouma, mtu wa bara aliyetunza matangi ya hoteli. Wafanyakazi walimtania kwa kumwita daktari, na yeye utani ule hakuukataa. Alimwinua Biarusi kwa kitambaa kibichi, akachungulia chini ya shavu lake, akamrudisha. Kisha akachovya kidole majini, akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii maji mnachota wapi?"

"Kisimani, Bwana," nikasema.

"Huyu hana ugonjwa," akamwambia baba. "Ni maji. Mama mtoto asimrudishe kwa hiyo maji. Ampe ya mvua, ama ya bomba iliyolala siku mbili kwa ndoo wazi. Na chumvi ya mawe, kijiko moja kwa ndoo, ya kumsaidia kupumua."

Niliitwa mama mtoto, basi nilirudi nimevimba kichwa, na maneno yale nimeyakariri kama sura ya Kurani chuoni. Baba aliyasikia, na mimi niliyasikia. Bwana Ouma alikuwa fundi wa samaki, hakutuuliza sisi twanywa nini.

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Maji ya bomba yalitufikia mara chache, lakini nilikinga ndoo mbili, nikazilaza, nikapima chumvi kwa kijiko cha chai. Siku ya tatu Biarusi alifungua mapezi. Siku ya tano alipanda juu akala punje ya wali kidoleni mwangu, na rangi yake ikarudi, chungwa tupu. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilimwita Zuhura aje aone.

Zuhura hakuja. Alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo, na mwili wake ulikuwa moto.

Kwa siku tatu alitapika na kuharisha, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa. Mama na baba wakampeleka hospitali, ng'ambo ya daraja, na mama akabaki naye huko, baba akawa wa kwenda na kurudi. Nyumba ikawa mimi na nyanya, na Biarusi akizunguka tangini, mzima, anang'aa. Nyanya hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa akimtazama samaki, kisha akanitazama mimi, akasema polepole, "Kitu ukikitoa hapa, chatafuta pa kukaa."

Basi nilifanya nililolifanya. Mchana wa saa sita mtoto hatakiwi kisimani. Tuliambiwa ndiyo saa ya wenyewe, na wenyewe hawatajwi. Nilikwenda saa hiyo hiyo, kwa kuwa nyanya alikuwa kwenye sala na barabara haikuwa na mtu. Nilipoinama, uso wangu ulikuwa chini kule, mdogo na mweusi, na nilihisi hakika kwamba ulinitazama kabla mimi sijautazama. Niliteka ndoo nzima. Nikayamwaga maji safi ya Biarusi, nikamtilia ya kisima mpaka juu, nikaweka mdomo kwenye kioo.

"Nisamehe," nikamwambia. "Mpokelee tena."

Kufika magharibi alikuwa ameshabana mapezi. Siku ya pili akasimama kichwa chini. Nilikaa naye nikilia kimya kimya, na kila alipojigonga, ko, nilisema moyoni, moja la Zuhura hilo. Siku ya nne asubuhi alikuwa ubavu juu ya maji. Adhuhuri baba akaingia na baiskeli, hajanyoa, akasema Zuhura ameketi na ameomba uji.

Nyanya aliswali rakaa mbili za shukrani. Kisha akachana kipande cha bafta, akamfunga Biarusi, tukamzika chini ya mpapai. Hakuniuliza nimefanya nini. Alinishika kichwa tu, akasema, "Mungu akuweke." Nililala usingizi wa mtu aliyenunua maisha ya nduguye, na kwa miaka mingi niliamini hivyo, nikijionea huruma na fahari kwa pamoja.

Hospitali walimwambia mama ni homa ya matumbo, na kwamba maji ya Zuhura yachemshwe. Mama akachemsha, ya Zuhura. Sisi wengine tuliendelea kama kawaida, maana hatukuwa wagonjwa. Mwezi haukwisha, Kadzo akaugua. Aliugua siku mbili tu, akafariki. Matangani, mama yake akiwa amekaa chini miguu mbele, hana sauti tena, nyanya aliniinamia sikioni.

"Masikini," akasema. "Wao hawakuwa na samaki."

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nawaza nimwombe baba samaki wa pili, tumpelekee Mama Kadzo.

Nilikuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, nilipofahamu. Watu wa afya walikuja kukifunga kisima kile kwa zege, na mmoja wao akapima kwa hatua kutoka kisimani mpaka nyuma ya ukuta wa makuti, ambako mwenye vyumba vya kupanga alikuwa amechimba choo cha shimo mwaka ule ule wa masika makali. Hatua kumi na moja. Nilisimama pale na watoto wa mtaa nikihesabu naye.

Biarusi hakumpokelea mtu. Alikuwa wa kwanza kuugua kwa kuwa alikuwa mdogo na aliishi ndani ya yale ambayo sisi tuliyanywa tu. Aliugua kwa maji ya kisima, akapona kwa ya bomba, akaugua tena kwa ya kisima, yote mbele ya macho yangu, na mtu alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba ni maji. Nyanya alijua kwamba samaki na mtoto wameshikwa na kitu kimoja. Mimi nilijua ni kitu gani. Tulikaa nyumba moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Sijawahi kumwambia mtu lililobaki. Siku ile ya saa sita, nilipokwisha kujaza tangi, Kadzo aliingia kama desturi yake, jasho limemtiririka, akasema ana kiu. Kwao walikunywa kisima hicho hicho asubuhi na jioni, najua, na kata moja ya maji haikubadilisha kitu. Akili yangu yajua. Lakini ndoo ilikuwa imebaki na maji chini, nami nikamtekea. Kata ilikuwa nzito kwake, basi nilimshikia kwa mikono yangu miwili, akanywa yote, macho yake yakiwa kwa samaki.